Ungo na Sarafu

Katika mji ule hakuna aliyegusa ungo mpya kabla ya kuunyunyizia maji, maana tabaka la wasusi wa nyungo lilihesabiwa najisi. Ungo ukishalowa huwa safi, hata wa kubebea matunda ya hekaluni. Msusi mwenyewe, hata angeoga mto mzima, asingetakata.

Mkesha wa sikukuu, Bi Damayanti, mke wa mwenye kinu cha mafuta, alichagua ungo mzuri kuliko nyungo zote za Phulmati, msusi wa pale sokoni. Akaunyunyizia maji ya birika lake, akauchukua, kisha akatupa sarafu vumbini.

"Haya, okota."

Phulmati hakuinama. Alichukua kibuyu chake cha maji ya kunywa, aliyoyateka mbali mtoni kwa kuwa wasusi walikatazwa kisima cha mji, akaimiminia ile sarafu palepale chini. Akaimiminia tena.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Naitakasa, bibi. Sijui imepita mikononi mwa nani."

Bi Damayanti alipaza sauti soko zima lisikie.

"Una wazimu! Nani atanunua kwako tena?"

"Basi niachie ungo wangu. Matunda ya kesho mtayabeba viganjani."

Bi Damayanti aliutazama ungo, asiurudishe wala asiondoke. Na huko nyuma ya Phulmati, kwenye safu ya wasusi wengine, nao wakiwa na sarafu zao vumbini, ikasikika sauti ya kizibo kikichomolewa kwenye kibuyu, halafu kingine, halafu kingine.