Hariri ya Mwezi wa Nane

Enesi alitetemeka, pini ikamchoma baba yake kidoleni.

"Tulia," Lusubilo alisema.

"Nimetulia, baba. Ni mwili wenyewe."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, tarehe moja mwezi wa nane, na ukungu wa Mbozi ulikuwa bado umelalia mibuni kama mtu asiye na kazi. Ndani ya ghala la kahawa wanawake kumi na wawili walikuwa wamevaa hariri nyeusi, nyepesi, mtu akiinua mkono unaliona dirisha kupitia nguo. Juu ya hariri kila mmoja alikuwa ameng'ang'ania sweta lake. Kilichobaki kilikuwa kuyavua masweta.

Mavazi hayo, kimono, yalitoka kwenye belo la mitumba alilofungua Zakia, mfanyabiashara wa Tunduma. Ofisi ya kijiji ilimwita aje nayo, awavishe akina mama na kuwafundisha kuinama, maana wanunuzi wa kahawa kutoka Japani walikuwa njiani. Hakuwa amewahi kufika kijijini hapo. Mwanamume aliyemkuta na sindano alimwita fundi, na fundi kweli alikuwa.

"Kule leo ndiyo siku ya mageisha," Zakia alisema, akipenyeza mkono chini ya sweta la Enesi na kuvuta ukosi wa kimono nyuma, shingo ibaki wazi. "Wale wanawake wanaosomea kucheza na kukirimu wageni. Kila tarehe moja mwezi wa nane wanapita nyumba kwa nyumba kuwaamkia walimu wao, wamevaa hivihivi. Mwezi ukiisha hariri hii inakunjwa, haiguswi mpaka mwakani."

"Na haya mawimbi pindoni?"

"Maji, fundi. Mwezi huu kule jua linachemsha watu. Ukimwona mwenzio kavaa mto, moyo unapoa."

Lusubilo alicheka kwa pua. Kule jua, huku baridi ya kupasua midomo. Lakini tangazo la ofisi lilisema vazi la tarehe hiyo lifuatwe kama lilivyo kwao, ili wageni wajione wako nyumbani. Ndivyo walivyo wakubwa. Wakisikia neno la mbali wanalibeba zimazima na jasho lake, wanalitua mahali ambako ng'ombe wenyewe wanajikunyata. Na kulivaa hawalivai wao.

"Nimevisha maharusi Tunduma, nimevisha Nakonde," Zakia alisema, "kichaa cha hivi sijakiona. Nani kaamua?"

"Mwenyekiti wa kijiji."

"Ana akili huyo?"

Wanawake kwenye mabenchi waliinamisha macho. Priska, aliyekuwa karibu, akaanza kutafuta kiatu alichokuwa amekivaa.

"Akili?" Lusubilo alisema. "Ana muhuri. Mwenye muhuri akili ataipeleka wapi? Wakubwa wakimpigia simu anaongea nayo amesimama. Wakimwambia Wajapani wanapenda watu wenye mikia, kesho kijiji kizima kinashonewa mikia."

Zakia alicheka peke yake.

Enesi akakohoa. Kikohozi kikavu, cha chini, kilikuwa kifuani mwake tangu Jumapili. Lusubilo aliacha kushona mpaka kilipokwisha.

"Mama yake alianza hivyo," alisema. "Mwaka juzi, mwezi huuhuu. Alikuja mgeni mkubwa, akina mama wakaamriwa wavue masweta ili sare ionekane. Manyunyu yanashuka. Wakasimama barabarani tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mgeni akapita, kioo kimefungwa. Siku ya tisa tukazika."

Zakia alishusha mikono. "Pole sana, mzee wangu. Na huyo aliyeamuru?"

"Mwenyekiti huyohuyo."

"Msibani alikanyaga?"

"Alikaa mbele kabisa. Uchaguzi ulipofika wakamrudisha, tena kwa makofi."

"Astaghfirullah! Hana haya."

"Hana."

Zakia alimtazama Enesi, kisha akapunguza sauti. "Nisikilize. Nitasema hili vazi limechanika kwapani. Nitalichana mwenyewe, hasara ni yangu. Mwanangu, vaa gauni lako, nenda na baba yako mkaote moto. Kumi na mmoja wanatosha, nani atahesabu?"

Enesi alimgeukia baba yake, akamtazama kwa macho ya Ikupa, mama yake, yaleyale ya siku ya mwisho, yasiyoomba wala kulaumu. Lusubilo aliutazama mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi. Nyumbani hapakuwa mbali, na makaa aliyoyaacha jikoni yalikuwa hayajazimika. Kitu kidogo tu: kumshika mtoto mkono, kutoka.

Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

"Na huyo mwenyekiti wenu," Zakia alisema, akitafuta mkasi, "ana mtoto? Wake angemsimamisha kwenye baridi hii?"

"Huyo?" Lusubilo alisema. "Wakubwa wakiwa wanamtazama, huyo hashindwi."

Nje pikipiki ilizimwa. Barnaba, mtendaji wa kijiji, aliingia anahema, koti la baridi limefungwa mpaka kidevuni.

"Wageni wameshapita Mlowo, mwenyekiti," alimwambia Lusubilo, "na wakubwa wako kwenye gari la mbele."

Lusubilo alichomeka sindano kwenye ukosi wa shati lake, akaanza kufungua vifungo vya sweta la Enesi, kuanzia juu.