Maneno Matatu ya Mzee Kiunga

Fomu ya Mzee Kiunga ilikuwa imefutwa mara tatu kwa wino mweupe, hata karatasi ikawa ngumu. Jibu lililofutwa lilikuwa la swali moja tu: akizidiwa, apelekwe wapi?

Sista Kiende aliitazama akaguna. Alikuwa ameshajaza fomu ishirini na nane za namna hiyo katika nyumba hii ya wazee nje ya mji wa Meru, na hakuna iliyomtoa jasho hivi. Kila mtoto wa mzee alikuja na jibu lake.

Gedion, kifungua mimba, huja Jumamosi. Alisema baba anataka ICU, Nairobi. Gladwell, mwalimu aliyeolewa Kianjokoma, huja Jumapili baada ya kanisa. Yeye alisema baba anataka kuuguzwa nyumbani kwake, huko Kianjokoma. Kinoti, wa mwisho, huja Jumatano. Huyu naye alisema baba anataka kurudishwa bomani kwake, Ruiri.

Mtu wa miaka tisini na moja akisahau si ajabu. Lakini daktari alishasema moyo ule hauna miezi mingi, na utaratibu wa nyumba ulikuwa wazi: mzee akipoteza kumbukumbu, kifungua mimba ndiye mwamuzi. Kiende alikuwa ameona watu wakifia ICU wamejaa mipira ya kupumulia, jamaa zao wakisubiri nje. Alimpenda mzee huyu, na wazo hilo lilimuumiza.

Akawaita wote Alhamisi. Waliingia mmoja mmoja, wakamsalimu baba, wakamsalimu Sista, basi. Gladwell alivuta kiti chake hadi dirishani.

"Baba aliniambia ICU," Gedion alianza. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Wacha uongo! Alinishika mkono akasema nimpeleke kwangu," Gladwell akamkatiza.

"Na mimi je?" Kinoti akafoka. "Alinitemea mate ya baraka akisema ni Ruiri!"

Hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Huku kwao neno la mzee anayeaga halivunjwi. Anayelivunja laana humwandama hadi kwa wajukuu. Hata Gedion, mzee wa kanisa, hakuthubutu kujaribu.

Mzee Kiunga alikuwa ameegemea mto, akinywa uji na kuwatazama kwa zamu kama anayetazama mpira. Katikati ya zogo alimuuliza Gladwell kama ng'ombe wake aliyezaa Jumapili ametoa kondo la nyuma. Kisha akamwambia Kinoti apaze sauti, hasikiki.

Saa mbili zilipita. Walichokubaliana ni kurudi Alhamisi ijayo waendelee. Mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo Gedion akawabeba wenzake kwenye gari lake hadi steji. Kiende aliwasikia wakibishana mpaka getini.

Akaketi kando ya kitanda, akachukua kalamu.

"Nisamehe, mzee wangu. Sina budi kuandika kwamba kumbukumbu imeisha."

Mzee Kiunga aliweka kikombe chini, akajifuta mdomo.

"Andika nitafia hapa hapa, Sista, bila mashine," alisema. "Lakini hao usiwaonyeshe mpaka siku yenyewe. Ni miaka tisa hawajakaa chumba kimoja."