Mpira wa Goti

Siku ya mashindano Kingwande alikaa kwenye benchi la nyuma ya jukwaa, mguu wa kulia ameunyoosha, maana ulikuwa haukunjiki tena bila kuuma. Kwa miaka miwili alikuwa akilifunga goti la mguu huo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Likiuma, anaongeza mzunguko mmoja na kurudi kuinua vyuma. Daktari alipomtaka apumzike miezi mitatu, alimjibu, "Linauma kidogo tu." Sasa gegedu lilikuwa limelika, mfupa unasaga mfupa.

Chande, kijana aliyefundishwa na Kingwande mwenyewe kuinua makopo ya rangi yaliyojazwa zege, akamjia akichechemea.

"Kaka, niazime ule mpira wako."

"Wa nini?"

"Goti. Linauma kidogo tu."

Kingwande akautoa mfukoni. Hakujua kwa nini bado alitembea nao.

"Nenda nyumbani, Chande."

"Leo? Wameshaniita."

Chande akashika ncha moja, akavuta. Kingwande hakuiachia ile ya pili. Jina likaitwa tena, na mpira ukazidi kuvutika kati yao.