Mbuzi ya Salome

Tangu Salome ahamie mji ule mdogo wa pwani, mbuzi yake ya kukunia nazi ilikaa tu barazani, meno yakimeta, hakuna jirani aliyeiazima. Ya Zawena, mgeni aliyekuja nyuma yake, ilizunguka mtaa mzima. Wanawake waliingia kwake bila hodi, wakaibeba kama ya mama yao. Salome alimwonea kijicho hadi chakula hakimshuki.

Asubuhi moja alipasua nazi, akatoka nayo barazani. Mbuzi haipo!

Alitaka kupiga kelele za mwizi, mara akasikia kwaru, kwaru, uani kwa jirani yake, Bi Mwanahamisi. Akaenda mbio. Bi Mwanahamisi alikuwa ameikalia, anakuna, wala hakuinuka.

"Nimeichukua, mwanangu. Ulikuwa unaitaka?"

"Hata!" alisema Salome, akaificha nazi ndani ya kanga.

"Maana ya Zawena imevunjika mguu. Iko kwa fundi."

Wivu ukamchoma upya. Hata hivyo akavuta ungo, akakaa, akaanza kumchagulia Bi Mwanahamisi mchele. Maji ya nazi yalimchuruzika miguuni, naye kimoyomoyo akimwombea fundi homa.