Muulizaji wa Kata

Siku hizi hakuna mchungaji anayehubiri bila muulizaji wa serikali kuketi mbele na kumuuliza, "Umejuaje?" Wa kata yetu ni Gwakisa. Nilimzaa mimi, huyo! Manabii wawili wa uongo wameshalikimbia swali lake, na sokoni watu husimama kunisalimia.

Jumapili wageni walijaa sebuleni wakimsubiri. Nikawapakulia wali wa Kyela, hakuna aliyegusa.

"Hatuli mpaka Muulizaji aseme, mama," alisema mmoja.

Gwakisa aliingia akitabasamu, akawaambia wasile hata kesho, maana aliyeshiba hasikii ukweli.

"Umejuaje, mwanangu?" nikamuuliza.

Wote wakanigeukia kana kwamba nimetukana. Aliyeketi karibu na mlango akainuka, akaufunga.