Miaka Kumi na Miwili Bila Pengo

"Jina likisomwa tu, umpe Profesa bahasha hapo hapo, kabla hajashuka jukwaani," mkewe alimnong'oneza, huku akimtoa uzi kwenye kola. "Tumekubaliana, baba."

"Na lisiposomwa?"

"Litasomwa. Nani anaweza kumdanganya mtu miaka yote hiyo?"

Mumewe akamtazama.

Walikuwa wamekaa safu ya mwisho ya ukumbi wa chuo kikuu, karibu na mlango. Mume, majirani walimwita Bwana Kisima, maana kazi yake ilikuwa hiyo moja: kukaa kwenye kituo kidogo cha utafiti, mwendo wa siku nzima kutoka mjini, na kila alfajiri kushusha kamba yenye alama kisimani, asome maji yamefika wapi, aandike kwenye daftari. Leo alivaa shati jeupe. Lilianikwa juzi kwenye kamba ile ile ya kupimia, kama nguo zote za nyumba ile, kisha likapigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama wembe.

Siku ya kwanza kabisa Profesa alimshika bega pale kisimani, akamwambia, "Mzee wangu, nipe miaka kumi na miwili bila pengo, hata la siku moja. Ukinipa, jina lako litakaa kwenye makala pamoja na langu."

Akapanda gari, na mguu wake haukukanyaga tena kule. Kifua chake hakipatani na vumbi. Kila mwisho wa mwaka mume na mke walimpelekea ofisini daftari lililojaa, na tangu mwaka wa tano, boga moja kubwa juu yake.

"Haya maboga mnayatoa wapi, shemeji? Matamu utadhani yametiwa sukari!"

"Hapo hapo kituoni, Profesa. Kuna mahali udongo umekubali."

Jinsi Bwana Kisima alivyolitaka jina lile, hata mkewe hakuujua mwisho wake. Shule aliishia darasa la saba. Ukutani sebuleni alipigilia msumari, atundike ukurasa wenye jina lake ndani ya fremu ya kioo. Mkewe alikuwa akiufuta vumbi kila Jumamosi, msumari mtupu.

Jukwaani ukatokea mstari wa buluu kwenye kitambaa cheupe, ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

"Siku elfu nne mia tatu themanini na tatu!" Profesa alisema. "Haikukosekana hata moja! Na tazameni mwaka wa nane maji yalivyoshuka!"

Ukumbi ukalipuka makofi. Mwaka huo wa nane Bwana Kisima alilazwa hospitali wiki sita, na hata hizo wiki sita daftari lilijaa. Mkewe akaanza kutafuta kitu mkobani, asikipate.

Ndipo yakasomwa majina ya waandishi, kila moja na asilimia ya mchango wake, kwa kuwa majarida siku hizi yanataka hivyo. Profesa, hamsini. Mkuu wa kitivo, ishirini. Yeye alisaini barua ya kuombea gari. Mtaalamu aliyechora ule mstari kwa kompyuta, ishirini. Mkwe wa Profesa, kumi, kwa ushauri.

Bwana Kisima akajumlisha kwa vidole juu ya goti. Mia. Imejaa.

"Tunawashukuru pia wasaidizi wa kituoni," Profesa akamalizia, na watu wakainuka kwenda kunywa chai.

Bwana Kisima, bahasha mkononi, alimkuta Profesa kwenye meza ya chai akiwa na kikombe.

"Profesa, jina langu sikulisikia."

"Aa, mzee wangu! Umo kwenye shukrani."

"Si tulisema pamoja na lako?"

Profesa akamvuta kando, akashusha sauti. "Sikiliza. Makala ina alama zake, na alama zinagawanywa. Nikiongeza mtu, sote tunapungukiwa, na mimi mwaka huu nasubiri kupandishwa cheo. Halafu jina si pambo. Mwenye jina ndiye anayejibu maswali. Wewe ukiulizwa, utajibu nini?"

Bwana Kisima alifikiri kidogo. "Kweli. Majibu yangu yasingewafaa."

"Umeona? Hiyo bahasha ni yangu?"

Bwana Kisima aliigeuza huku na huku, akairudisha mfukoni. "Hapana, Profesa. Ni karatasi zangu tu."

"Basi keshokutwa saa nne ufungue geti mapema. Wageni wanakuja na waandishi wa habari, wanataka kushusha kamba wenyewe. Na mimi safari hii nakuja, vumbi au si vumbi! Mwambie shemeji atuwekee boga."

"Yapo ya kutosha."

Mkewe alikuwa akimsubiri kwenye ngazi za nje, viatu amevivua, vidole vimevimba.

"Umempa?"

"Jina letu halimo."

Mama yule akatazama magari yanavyotoka moja moja na waandishi wa ile makala. "Halimo kabisa?"

"Kabisa."

"Basi na maswali si yetu," akasema, akavaa viatu vyake.

Mumewe akaitoa bahasha, akaichana vipande vinne, akavitia kwenye pipa la taka la chuo. Ilikuwa na karatasi moja, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa darasa la saba: Profesa, nisamehe. Kisima kilibomoka mwaka wa tano, tukakifukia, watoto wa jirani wasije wakatumbukia. Namba zote tangu hapo nimezitunga mezani, ili pengo lisiwepo. Juu yake mke wangu amepanda maboga.