Somo wa Mwanapili

Jumatatu ya pili baada ya Idi ndipo Mwanapili alipoachwa peke yake na mtu aliyemtegemea. Alikuwa amerudi zahanati, kanga imelowa jasho chapachapa, usingizi kausahau.

"Malaria hiyo, mama. Meza dawa," daktari alisema bila kuinua macho.

"Malaria gani ya mwaka mzima, mwanangu? Siku zangu zimekatika, joto linanichoma mpaka naona kizunguzungu."

Daktari akacheka. "Basi uzee huo. Hauna dawa."

Mwanapili akamgeukia muuguzi mkuu, Bi Tatu, aliyesimama mlangoni. Ndiye somo wake, aliyekaa naye ndani alipovunja ungo, akamfundisha mambo ya damu mpaka hofu ikamtoka.

"Somo, mweleze. Wewe yalikufika, na dawa ukapata hapa hapa."

"Kweli hayo, Bi Tatu?" daktari akauliza.

Bi Tatu akamtazama mkubwa wake kwanza. Wenye vyeo ndivyo walivyo.

"Mimi? Astaghafirullah! Huyu joto limempanda kichwani."

Wakacheka wote wawili. Bi Tatu akafungua mlango, akaushikilia. Mwanapili hakuondoka.

"Somo," akasema taratibu, "ya kuanza ulinifundisha wewe. Haya ya kukoma nikamuulize nani?"